Mtu Mmoja, Safu Mbili

Jumatano, tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, saa nne ya asubuhi hivi, nilimpoteza mdogo wangu wa tumbo moja. Pamoja naye ilipotea pikipiki ya watu, magunia mawili madogo ya mawe ya kupimwa, na mhandisi pekee wa migodi ambaye kijiji chetu kimewahi kumzaa. Pikipiki ilitolewa mtoni siku iliyofuata. Mawe hayakuonekana. Kampuni ilituma watu wawili wakapiga mbizi siku mbili kuyatafuta. Kwenye mazishi ilituma mtu mmoja, naye aliondoka kabla udongo haujasawazishwa.

Sisemi kampuni ilimuua. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, magogo ya daraja yalikuwa yanateleza, na mwendesha pikipiki, aliyevunjika mguu akapona, alilia mbele yangu nikakosa neno la kumlaumu. Lakini asubuhi hiyohiyo gari la kampuni lilikuwa limepita daraja lilelile kwenda Kabambare, likiwa na viti viwili vitupu. Dereva aliniambia kwa kinywa chake. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya gari na magunia yake, akaambiwa apande pikipiki, maana gari ni la wahandisi.

Mkataba wake wa kazi uliandikwa: mhandisi.

Naandika kwa sababu ya neno hilo. Mimi nilifika darasa la sita tu. Kazi yangu ni kukata miti na kuiweka ndani ya mashimo ya dhahabu ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Hakuna shule inayofundisha kazi hiyo. Nilijifunza kwa kuona watu wakifukiwa. Mdogo wangu ndiye aliyesoma. Alipomaliza shule ya msingi nilisukuma baiskeli kutoka kijijini kwetu, kati ya Kabambare na Wamaza, mpaka Kasongo, siku tatu, godoro lake likiwa limefungwa nyuma, yeye akitembea mbele na viatu mkononi ili visichakae. Alikaa kwa shangazi yetu miaka sita. Halafu akaenda Lubumbashi, na huko sikufika.

Huko, alinisimulia baadaye, wasichana wote wa mwaka wao katika masomo ya migodi walienea kwenye benchi moja, na ilibaki nafasi ya kuweka mifuko. Mwalimu mmoja alizoea kuwauliza kama wamepotea njia, maana masomo ya upishi yako jengo la pili. Wenzake wawili waliacha. Yeye alirudi nyumbani na diploma ndani ya bahasha ya plastiki, na mama yetu, asiyejua kusoma, akaishika juu chini na kusema kwamba muhuri ni mzuri.

Kampuni ilikuwa imefungua kambi yake ng'ambo ya mto. Sitaji jina lake; waliopo wanaijua, na wasioijua haitawasaidia kitu. Walimwajiri upesi mpaka tukashangaa. Mama aliita majirani. Mimi nilichinja mbuzi, na nikiri kwamba nilijivuna kwa wiki nzima, nikipita mbele ya watu polepole.

Hao wahandisi wa kambi nimewaona. Wawili walitoka nchi za nje, watu wazima, wenye mvi. Wengine walikuwa vijana wa Lubumbashi na Kinshasa, wote wanaume, walioacha wake zao mbali na waliokuwa wakihesabu miezi ya kuondoka tangu siku waliyofika. Siwachukii. Mmoja wao alinipa dawa ya macho bila kuombwa. Lakini ukisimama kwenye lango la kambi saa kumi na mbili asubuhi unaona jambo zima bila kuambiwa. Wanaoingia kwa miguu ni sisi: walinzi, wapishi, wafyeka majani, wabeba magunia. Wanaoingia kwa gari ni wao. Dhahabu ni ya kwetu, mikono ni ya kwetu, kichwa kinatoka mbali. Nao wakubwa wakiulizwa kwa nini, husema kwamba hapa hakuna watu waliosoma. Sasa alikuwepo mmoja, wakampa ufunguo wa stoo.

Stoo ilikuwa nyumba ndefu ya mabati yenye rafu za mawe. Mashine ikitoboa mlima hutoa mawe marefu ya duara kama mihogo, nao wanayaita karoti. Mdogo wangu aliyapanga ndani ya masanduku, akayaandika namba, akafunga mlango. Mwanzoni aliambiwa ni kwa miezi mitatu, mpaka azoee. Alifanya miaka minne. Alikuwa akiyasoma yale mawe kama wengine wanavyosoma barua. Alinionyesha mstari mweupe, akasema hapa maji ya moto yalipita kabla ya watu kuwako. Akanionyesha jiwe lililooza, akasema mahali hapa ukichimba bila kuukata ukuta ngazi utazika watu. Aliandika maoni yake na kuyapeleka ofisini. Yaliwekwa chini ya thermosi ya kahawa. Aliyaona hapo, yana duara ya thermosi juu yake, wiki baada ya wiki.

Kulikuwa na kofia pia. Wahandisi walivaa kofia ngumu nyeupe, watu wa stoo kijani. Mdogo wangu alikuwa nazo zote mbili. Ya kijani alivaa kila siku. Nyeupe ilitundikwa kwenye msumari ofisini, nayo ilishushwa siku wageni walipokuja kutoka Kindu, makao ya mkoa, au kutoka mbali zaidi. Siku hizo aliitwa, akavishwa nyeupe, akawekwa mbele kwenye picha. Wageni wakiondoka, kofia ilirudi msumarini.

Na kulikuwa na karatasi. Kila baada ya miezi mitatu waliibandika kwenye ubao wa matangazo langoni, kwa sababu serikali na wanunuzi wao wanataka kujua kampuni imeajiri watu wa namna gani. Ilikuwa na mistari kwa kila kazi na safu za kuhesabia: wangapi wametoka nje, wangapi mikoa mingine, wangapi wenyeji, wangapi wanaume, wangapi wanawake. Kwenye mstari wa wahandisi, safu ya wenyeji iliandikwa moja. Safu ya wanawake iliandikwa moja.

Siku niliyomsindikiza mpaka langoni alinisimamisha mbele ya ubao ule akaweka kidole.

"Yaya, ona," akasema, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Huyu moja ni mimi. Na huyu moja, tena ni mimi. Niko mutu moja, lakini hapa niko safu mbili. Nikishikwa malaria, kampuni nzima inabakia bila mwanamuke na bila mutu wa hapa."

Mlinzi alicheka mpaka akaegemea kizuizi. Mimi pia nilicheka. Ndivyo alivyokuwa, alisema mambo yanayouma kwa namna ambayo uliyameza kabla hujayahisi. Baadaye njiani nilimuuliza kwa nini asiache kazi. Akasema akiacha, wataandika sifuri mbili, halafu watasema: mnaona, tulijaribu.

Kazi yake ya kweli aliifanya siku za Jumapili, na hakuna aliyemtuma.

Mashimo yetu sisi wachimbaji wa mkono yako mwendo wa saa moja kutoka kijijini. Shimo kubwa lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu ambaye kila mtu anamwita Pédégé, kama wanavyoitwa wenye mashimo wote. Ni mtu mrefu, mwenye mikono mirefu kuliko ya mtu yeyote ninayemjua, na kauli yake ndiyo sheria kule. Sheria ya kwanza ya mashimo yote ya eneo letu ni hii: mwanamke asifike ukingoni. Akifika, dhahabu inakimbia, inashuka chini zaidi. Wanawake huuza chakula na kuosha mchanga kule bondeni, lakini ukingoni hapana. Wakristo wanaamini, Waislamu wanaamini. Mimi niliamini.

Mdogo wangu aliposema anataka kuliona shimo ninalofanyia kazi, nilimwambia mimi mwenyewe, kabla ya Pédégé kusema neno, kwamba akae kwenye kisiki, hatua hamsini nyuma. Naandika hivyo maana ni kweli. Mtu wa kwanza kumzuia mdogo wangu asifike shimoni hakuwa mzungu wala mtu wa Kinshasa. Nilikuwa mimi.

Akakaa kwenye kisiki. Akaniuliza shimo lina kina gani. Nikasema pima kumi na mbili.

"Pima za nani?"

Nikasema za Pédégé, maana ndiye aliyepima kamba kwa kunyoosha mikono. Akamtazama yule mzee mrefu kule mbali, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alitoa utepe wa kupimia kwenye mfuko wake, akaifunga kamba mafundo upya, mita kwa mita, akaniambia nishuke nayo. Shimo lilikuwa refu kwenda chini kuliko tulivyojua kwa urefu wa watu wawili. Miaka yote tulikuwa tunakata miti mifupi na kuiunga kwa vipande, tukilaumu miti.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa alikuja na kukaa kwenye kisiki chake. Mimi nilikuwa macho yake. Nilishuka, nikapanda, nikamweleza: hapa udongo mwekundu, hapa jiwe jeupe linalosagika kwa kucha, hapa maji yanatoka. Alinipa chupa yenye maji nusu na uzi wenye jiwe, akanifundisha kuviweka ukutani ili kujua ukuta umelala kiasi gani. Alichora kwenye daftari. Halafu alimtumia Pédégé ujumbe kupitia kwangu: ukuta wa upande wa mlima usisimame wima, ukatwe ngazi, kila ngazi isimpite mtu kifuani. Pédégé alijibu, kupitia kwangu, kwamba ngazi ni kazi ya bure, ni udongo mwingi wa kutoa bila dhahabu ndani yake. Wachimbaji walimpa jina la Mama Kamba. Walipopita kwenye kisiki walimsalimu kwa heshima, halafu walipofika shimoni waliiga anavyoshika utepe. Walikuwa na akili za kuona anajua, na hawakuwa na adabu ya kukubali.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokolea, nilimweleza kwamba juu, karibu na ukingo wa upande wa mlima, nimeona ufa ardhini, mwembamba, unaweza kuingiza ukucha. Hakucheka siku hiyo. Alinipa vijiti viwili na uzi. Nikachomeka kijiti kimoja upande huu wa ufa na cha pili upande ule, nikafunga uzi kati yao, uliolegea kidogo. Alisema nikiona uzi umekaza nimwambie. Ukikatika, nisimwambie mtu yeyote, niwatoe watu kwanza.

Jumapili ya pili uzi ulikuwa umekaza kama wa gitaa. Nilimpelekea habari kisikini. Alisimama. Akasema watu watoke sasa. Nikaenda kwa Pédégé, akasema watoke wakimaliza gunia walilonalo. Nikarudi kisikini kumwambia, naye akanipita. Alitembea zile hatua hamsini bila kukimbia, akafika ukingoni, akainama juu ya shimo, akaita kwa Kibangubangu, lugha ya mama yetu, kwamba kila mtu atoke, gunia aache.

Walitoka. Sijui kama walitoka kwa sababu ya onyo au kwa sababu ya mshtuko wa kumwona mwanamke pale juu. Walitoka wakitukana. Waliosimama karibu naye waliondoka kama watu wanaokimbia nyuki. Pédégé alinijia kwa hasira, akaniuliza mimi, siyo yeye, kama najua dada yangu amefanya nini.

Saa saba mchana ukuta ulianguka wote. Shimo lilijaa mpaka nusu. Ndani hakuwemo mtu hata mmoja.

Nilifikiri watamshukuru. Nilifikiri, kwa ujinga wangu, kwamba hata ng'ombe wangeelewa. Lakini kabla vumbi halijatulia mmoja alisema, na wengine wakaitikia, kwamba ameona: mwanamke amefika ukingoni, na shimo limekufa. Kila mmoja wao alikuwa hai amesimama kwa miguu yake, na walisimama hapo kumlaumu kwa kuanguka kwa kile alichowatoa ndani yake. Walimwambia asirudi tena. Pédégé hakusema hivyo, lakini hakuwanyamazisha.

Na mimi sikuwanyamazisha. Nilikuwa nafanya kazi kwao.

Tulirudi nyumbani. Karibu na mto aliniuliza tu kama niliung'oa ule uzi, nikasema ulifukiwa. Akasema haidhuru, uzi upo mwingine.

Hakurudi shimoni. Ile miezi mitatu iliyobaki aliitumia kwenye stoo na kofia yake ya kijani. Halafu ikaja Jumatano ile.

Kwetu, Waislamu na Wakristo, tunahesabu arobaini. Siku ya arobaini tunavunja matanga, na siku hiyo mtu aliyefanya kazi na marehemu husimama mbele ya wote na kusema kazi yake: alikuwa nani, alifanya nini. Baba yetu alisemewa na mfua chuma mwenzake. Babu yetu alisemewa na mtu waliyevua naye kule Nyangwe. Ndugu hawezi kusema, maana ndugu husifu. Lazima awe mtu wa kazi. Kabla hajasemewa, wazee wanasema, marehemu bado amesimama mlangoni.

Mama hakutaka kitu kingine. Hakuuliza habari ya gari wala ya viti vitupu. Alitaka mtu wa kampuni aje siku ya arobaini, aseme kwa sauti kwamba mtoto wake alikuwa injeniyeri, yaani mhandisi. Na kama hawezi kuja, aandike karatasi isomwe.

Nilikwenda kambini siku ya thelathini. Mkuu wa wafanyakazi, mtu wa mkoa mwingine, mnene, mpole, alinipa kiti na soda. Alisema pole mara nyingi. Nilipomwambia haja yangu alifungua faili, akatoa cheti cha kazi kilichokwisha tayarishwa, chenye muhuri. Nilisoma polepole, maana Kifaransa changu ni cha darasa la sita. Jina lake, tarehe ya kuanza, tarehe ya kifo. Kazi: mtunza stoo.

Niliinuka, nikamwomba twende wote mpaka langoni. Alikuja, sijui kwa nini; labda alifikiri naaga. Nilimwonyesha ubao. Karatasi mpya ilikuwa imebandikwa wiki hiyo, wino wake bado mweusi. Mstari wa wahandisi. Wenyeji: moja. Wanawake: moja. Nikaweka cheti pembeni ya karatasi.

"Mukubwa," nikamwambia, "hizi mbili zimetoka kwa mashine moja. Ni ipi inasema uongo?"

Mlinzi aligeukia upande wa mto. Mkuu alinishika mkono akanirudisha ofisini, akafunga mlango. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinieleza kama mtu anayemweleza jamaa kwamba cheti kinafuata kazi iliyofanyika, na karatasi ya ubaoni inafuata diploma. Kwamba wageni wanakuja mwezi wa tano kuangalia ajira, na wakikuta sifuri mbili itakuwa vibaya kwa wote, hata kwa vijana wa kijiji wanaotafuta kazi. Kwamba anatafuta mwingine wa kumweka, lakini wasichana wenye diploma ile hawapatikani, na wa hapahapa hakuna kabisa. Halafu akavuta kiti karibu.

"Papa, tusaidiane. Mimi naandika cheti kingine sasa hivi, ingénieur, na siku ya arobaini nakuja mwenyewe nasema mbele ya mama. Ninyi, ile ya ubao, muiache tu mpaka wageni wapite. Anakuwa kama yuko kwenye likizo."

Kwenye likizo. Niliangalia msumari ukutani nyuma yake. Kofia nyeupe ilikuwa bado inaning'inia.

Sitasema nilikataa mara moja. Nilimfikiria mama. Nilifikiria lile neno likisemwa uani kwetu na mtu mwenye tai, na mama akitikisa kichwa. Kalamu ilikuwa mezani, na soda nilikuwa nimeinywa nusu. Alikuwa tayari kumwita mdogo wangu kwa jina la kazi yake, kwa mara ya kwanza bila wageni, kwa sharti kwamba tukubali hajafa. Nilichukua cheti cha mtunza stoo, nikakikunja, nikatoka. Soda niliiacha.

Mama nilimwambia yote kama yalivyokuwa. Aliendelea kutoa maharagwe kwenye maganda. Mwishoni aliuliza: "Na yule mutu, yeye anajua mutoto wangu aliyakufa?" Nikasema anajua. Akasema: "Basi asikuje."

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Kutoka kambini alikuja dereva peke yake, kwa miguu, akakaa nyuma. Saa ya kusema ilipofika, mjomba wetu aliuliza nani atasemea. Niliangalia dereva, akainamisha kichwa. Yeye aliendesha gari tu, angesema nini. Nilikuwa nimejua tangu asubuhi kwamba itakuwa hivi. Miaka yote ile ya shule, na hapakuwa na kinywa cha kusema neno moja.

Ndipo Pédégé aliposimama. Alikuwa amekuja na wachimbaji wake, wale waliomfukuza. Nilitaka kumwambia akae. Alivua kofia yake ya kitambaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akasema kwa Kibangubangu, polepole, na mjomba akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni waliotoka Kasongo. Alisema marehemu alipima shimo lake na kumwonyesha kwamba yeye mwenye shimo hakulijua. Alisema alimtumia neno la ngazi naye akalidharau. Alisema siku ile shimoni walikuwemo watu, akawataja mmoja mmoja, na kila aliyetajwa alisimama. Kisha akasema sasa shimo jipya wanalichimba kwa ngazi, na juu yake wamefunga uzi.

Mama alimuuliza kutoka pale alipoketi: "Na kazi yake, inaitwaka namna gani?"

Pédégé alisimama na mikono yake mirefu ikining'inia.

"Mama, mimi sikusoma. Sisi tulimwita Mama Kamba. Kama iko na jina lingine, tulipashwa kumwita akiwa hai."

Mama akasema imetosha, na matanga yakavunjwa. Watu wakala. Wachimbaji walikuja kunishika mkono, nami niliwapa mkono, lakini sikuweza kuwaangalia machoni, wala sijaweza mpaka leo. Ilikuwa kweli tupu aliyosema, na ilikuwa imechelewa. Wangeweza kuisema siku ile ukuta ulipoanguka, alipokuwa amesimama mbele yao na udongo kwenye viatu. Mimi pia ningeweza.

Wiki iliyofuata nilipeleka miti ng'ambo ya mto, na njia inapita langoni pa kambi. Karatasi ilikuwa bado ubaoni. Moja, na moja. Langoni alikuwepo mlinzi yuleyule aliyecheka siku ile mpaka akaegemea kizuizi. Nilishusha miti begani. Nina penseli nene ya kuwekea alama kwenye magogo, huwa naichomeka sikioni. Niliitoa. Mlinzi aliniona. Kwenye safu ya wenyeji, pembeni ya moja, niliandika: amekufa. Kwenye safu ya wanawake, pembeni ya moja, niliandika tena: amekufa.

Mlinzi alisogea, akasoma, midomo yake ikitembea.

"Weka na tarehe," akasema.

Nikaweka tarehe.